Gunia Linamwagwa Wapi? Historia ya Nguo za Magunia na Kazi za Mikono, kutoka Merikani hadi Kyebando, Kampala

Ikisiri

Historia ya nguo katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata vitambaa vilivyokusudiwa kuvaliwa: merikani, kaniki, kanga, kitenge na, katika miongo ya karibuni, mitumba. Makala hii inafuata kitambaa ambacho hakikukusudiwa kuvaliwa, yaani gunia. Inauliza kwa nini Marekani iliacha hazina ya magunia ya pamba ambayo hadi leo hukusanywa na kushonwa upya, ilhali Kampala, mji mkuu wa nchi iliyolima pamba kwa zaidi ya karne moja, haikupata hazina ya namna hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba nguo ya gunia huwa mali ya yule anayelimwaga. Magunia ya nyuzi asilia yaliyobeba mazao ya Uganda yaliondoka nchini yakiwa yamejaa. Yaliyobaki kumwagwa katika mitaa kama Kyebando ni ya plastiki, nayo sheria mbili za nchi hiyohiyo zinayatazama kwa macho mawili tofauti.

Utangulizi

Kyebando ni mtaa wa kaskazini mwa Kampala, katika Divisheni ya Kawempe, jirani na soko la Kalerwe na barabara iendayo Gayaza. Sehemu yake ya juu ina nyumba za matofali zenye nyua. Sehemu ya bondeni inauelekea mfereji wa Nsooba, na huko maji ya mvua huingia majumbani. Mtafiti wa historia ya nguo asingekuwa na sababu ya wazi ya kusimama hapo. Hakuna kiwanda cha kufuma, wala hakuna mti wa mutuba unaobanduliwa gome ili kutengenezea lubugo, kitambaa cha gome ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Yapo magunia: ya mchele, ya sukari, ya unga wa mahindi, ya saruji na ya makaa, pamoja na yale ya chakula cha kuku, kwa kuwa ufugaji wa kuku nyuma ya nyumba ni sehemu ya uchumi wa kaya nyingi za Kampala.

Gunia la chakula cha kuku ndilo hasa kiini cha makala hii. Nchini Marekani gunia la namna hiyohiyo, lililofumwa kwa pamba na kupigwa chapa ya maua, limekuwa kitu cha kukusanywa. Wapo wanaolinunua kwa bei ya juu, wakalifua, wakaliweka katika mkusanyo au kulikata viraka vya blanketi. Linaonyeshwa katika makumbusho na kuandikiwa vitabu. Gunia la Kyebando halijaandikiwa kitu, na maelezo mepesi ya tofauti hii ni kwamba Wamarekani walikuwa na utamaduni wa kushona na kutunza ambao Waafrika Mashariki hawakuwa nao. Maelezo hayo hayasimami mbele ya ushahidi, kama sehemu inayofuata inavyoonyesha.

Mtumba, merikani na leso

Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya uhusiano wa mzigo na vazi. Neno mtumba lilikuwa jina la furushi lililofungwa kwa safari, hasa furushi la nguo alilobeba mpagazi wa misafara ya bara, ambalo kwa kawaida lilikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Leo mtumba ni nguo kuukuu iliyotoka ng'ambo, na nchini Uganda neno hilo limeingia katika Kiganda kama mivumba. Jina la kifungashio limehamia kwenye kilichofungwa. Ni nadra kwa lugha kuonyesha waziwazi kiasi hiki kwamba wasemaji wake waliijua nguo, kwanza kabisa, kama shehena.

Ndani ya furushi hilo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mlikuwa na merikani. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani ulioletwa na mjumbe Edmund Roberts ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani mjini Zanzibar. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na kigumu, kilichofumwa katika viwanda vya New England. Watengenezaji wa Uingereza walijaribu kukiiga bila mafanikio makubwa hadi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata mkondo wa pamba, na nafasi hiyo ikachukuliwa na nguo za Uingereza na, baadaye, za viwanda vya Bombay. Jina halikubadilika. Kitambaa kilichofumwa Bombay kiliendelea kuitwa merikani, na katika jora, doti na shuka kiliendelea kupimwa kama fedha katika njia ya kwenda Unyamwezi na Buganda, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika katika ikulu ya Kabaka Suna katika miaka ya 1840.

Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba merikani na kitambaa cha magunia ya Marekani ni ndugu wa karibu. Vyote viwili ni vya daraja moja la ufumaji: uzi mnene wa pamba, tande na mshindio sawa, bila kupaushwa. Kitambaa cha aina moja kilishonwa gunia la unga kule, na huku kikawa vazi la heshima na malipo ya mpagazi.

Ushahidi wa pili ni leso. Kabla ya kanga kupigwa chapa ikiwa nguo moja, wanawake wa pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19 walinunua leso za mkononi zilizofika zikiwa hazijakatwa, zikiwa mfululizo katika kipande kirefu. Walichukua leso sita, wakazikata katikati kuwa vipande viwili vya leso tatutatu, na kuziunga pamoja kuwa vazi moja. Leso, neno lililotoka katika Kireno, lilikuwa jina la kitambaa cha kufutia jasho, na sindano ya mwanamke wa Mombasa au Zanzibar ndiyo iliyokigeuza kuwa vazi kamili. Wafanyabiashara waliona, nao wakaagiza kitambaa kilichochapwa tayari kwa ukubwa huo. Hatua hizo zilitangulia kwa takriban nusu karne zile zile zitakazoelezwa hapa chini kuhusu Marekani: wanawake waligeuza matumizi ya bidhaa, kisha kiwanda kikawafuata. Kudai basi kwamba eneo hili lilikosa mazoea ya kugeuza kitambaa cha matumizi mengine kuwa vazi ni kusahau chimbuko la nguo yake mashuhuri kuliko zote. Kilichokosekana ni gunia la kugeuza.

Gunia lililochanua maua

Hadi katikati ya karne ya 19 unga, sukari na nafaka nchini Marekani vilisafirishwa zaidi katika mapipa ya mbao. Mshono wa mkono haukuwa wa kutegemewa kwa mzigo mzito. Cherehani, ambayo Elias Howe aliipatia hataza mwaka 1846, ilibadilisha hesabu hiyo, na katika miongo iliyofuata gunia la pamba lilichukua nafasi ya pipa. Magunia ya kwanza yalikuwa meupe yenye nembo ya kinu. Wake wa wakulima waliyaloweka, wakaondoa wino kwa sabuni na mafuta, wakashona mashuka, foronya, taulo za jikoni na nguo za ndani za watoto. Nembo zilizokataa kutoka zilivaliwa hivyohivyo.

Wenye vinu walichelewa kutambua kwamba walikuwa wakiuza bidhaa mbili katika mfuko mmoja. Mwaka 1924 Asa Bales aliomba hataza ya gunia lililotengenezwa kwa kitambaa cha kushonea nguo, na haki zake zikawa za kinu cha George P. Plant cha St. Louis. Katika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 viwanda vilishindana kwa maua, miraba na rangi, vikabuni nembo za karatasi zinazotoka kwa maji, na hata kuchapa juu ya gunia mistari ya kukatia mwanasesere au aproni. Gunia la ratili 100 lilitoa kitambaa kinachozidi mita moja kidogo. Gauni la mwanamke mzima lilihitaji takriban magunia matatu, kwa hiyo mume aliyekwenda kununua chakula cha kuku alitumwa na kipande cha sampuli ili arudi na maua yaleyale. Inakadiriwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1940 zaidi ya watu milioni 3 nchini humo walivaa angalau vazi moja la gunia. Baada ya vita karatasi na kisha plastiki vilikuwa rahisi zaidi, na kufikia miaka ya 1960 gunia la maua lilikuwa limekwisha. Ukusanyaji wake ulianza pale utengenezaji ulipokoma.

Ubelgiji inatoa mfano ulio karibu zaidi na hali ya nchi zinazopokea msaada. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, tume ya misaada iliyoongozwa na Herbert Hoover ilipeleka huko unga kutoka Marekani na Kanada katika magunia ya pamba. Magunia yalihesabiwa kwa uangalifu, maana pamba ingeweza kuchukuliwa na Wajerumani kwa ajili ya kutengenezea baruti. Yaligawiwa kwa shule, nyumba za watawa na karakana, na wanawake wakayadarizi kuzunguka nembo za vinu, wakaongeza bendera, maua ya nyuzi na maneno ya shukrani. Mengi yalirudi Marekani kama zawadi, na mamia yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Hoover huko West Branch, Iowa. Magunia hayo hayakusalia kwa sababu tu ya uzuri wake. Yalisalia kwa sababu yaliingia katika daftari tangu siku ya kwanza, na kwa sababu mtoaji alitaka kuona kilichotokea kwa mfuko wake.

Mahali gunia linapomwagwa

Mifano hii miwili ina sharti moja linalofanana: gunia la pamba lilifika nyumbani kwa mtu likiwa limejaa, likamwagwa humo. Uganda ilisimama upande wa pili wa safari hiyo. Mbegu za pamba za kibiashara ziligawiwa mwaka 1903 kwa juhudi za Kristen Borup wa jumuiya ya wamisionari wa CMS, miaka miwili baada ya reli kufika Kisumu, na ndani ya muda mfupi pamba ikawa msingi wa mapato ya nchi. Iliuzwa ikiwa imechambuliwa na kushindiliwa katika marobota. Robota la Uganda lilikuja kuwa na uzito wa kawaida wa kilo 185. Katika msimu wa 1969/70 uzalishaji ulizidi marobota 400,000. Kiwanda cha Nyanza Textiles cha Jinja, kilichofunguliwa katikati ya miaka ya 1950 kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kilifuma sehemu tu ya pamba hiyo.

Kifungashio cha mazao, kwa upande wake, kilitoka Bengal. Gunia la juti, lililofumwa Calcutta au Dundee, ndilo lililobeba kahawa, mahindi, karanga na ufuta wa Afrika Mashariki katika kipindi chote cha ukoloni na baada yake. Neno lenyewe, gunia, lina asili ya Kihindi, na Kiganda kina kkutiya kwa kitu hichohicho. Juti si pamba. Uzi wake ni mnene, unawasha ngozi, na hupoteza nguvu ukilowa. Katika kumbukumbu za eneo zima, kuvaa gunia ni alama ya njaa, kifungo au msiba, si ya ustadi. Hata hivyo juti ilipata kazi za mikono zinazoifaa: zulia la mlangoni linalotengenezwa kwa kupitisha vipande vya nguo kuukuu katika matundu ya gunia, godoro la manyasi, pazia la choo, kizibo cha dirisha. Sindano nene ya kushonea magunia ina jina lake, shazia, na lugha haitunzi jina la pekee kwa chombo kisichotumika.

Lakini hata juti hiyo ilipita tu. Gunia jipya lilinunuliwa ili lijazwe, na lilipojazwa liliondoka. Uchumi wa miaka ya 1970 uliuzidisha uhaba huo. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda na maduka vilianguka, nguo na sukari zikawa bidhaa za kugawiwa kwa foleni, na magendo yakawa njia ya kuishi. Baridi kali iliyoharibu mikahawa ya Brazili mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda ikavushwa usiku kwenda Kenya, ambako soko la mpakani la Chepkube lilipata umaarufu wake. Katika biashara ya namna hiyo gunia halirudi.

Hali ya msingi haijabadilika. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kahawa, kila moja likihesabiwa kuwa la kilo 60. Hapa inafaa kutahadhari: gunia katika takwimu hizo ni kipimo, na sehemu ya kahawa husafiri katika makontena yaliyotandikwa bitana bila gunia lolote la kweli. Kitu kimeanza kutoweka, kipimo kimebaki, kama ilivyotokea kwa pishi. Kwa magunia ya juti ambayo bado husafiri, mwisho wake ni Italia, Ujerumani na kwingineko kunakokaangwa kahawa. Huko wakaangaji huyauza yakiwa matupu kwa watu wa kazi za mikono, nao huyashona mito ya viti, mikoba na mapazia. Neno Uganda lililochapwa juu ya juti huachwa lionekane, kwa sababu ndilo linaloongeza thamani. Kwa maneno mengine, ukusanyaji wa magunia ya Uganda upo na unastawi. Unafanyika pale yanapomwagwa.

Kyebando na gunia la salfeti

Kinachomwagwa Kampala ni kile ambacho Kampala inakula, inajengea na inalishia mifugo yake, na tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita vitu hivyo vimekuwa vikifika katika magunia ya polipropilini. Plastiki hii ilianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1957. Hunyooshwa kuwa utepe mwembamba wa milimita chache, na utepe huo hufumwa katika mitambo ya kufumia kama ufumwavyo uzi. Tanzania imelipa gunia hilo jina la salfeti, ambalo inaelekea lilitokana na mbolea ya salfeti ya amonia iliyofika vijijini katika mifuko ya namna hiyo. Kwa mara nyingine jina la kilichomo limelifunika jina la chombo, kinyume kabisa cha mtumba.

Mshonaji anayelichukua gunia hili anakutana na kitu chenye sura ya nguo na tabia ya plastiki. Likikatwa kwa mkasi, tepe hufumuka ukingoni, kwa hiyo ukingo huunguzwa kwa mwali wa mshumaa au kwa kisu cha moto, au hukunjwa mara mbili kabla ya kupitishwa chini ya sindano. Pasi haikubaliki. Rangi ya kitambaa haiingii. Sindano nyembamba huvunjika, na uzi wa pamba huoza kabla ya gunia lenyewe, ndiyo maana uzi wa nailoni hupendelewa. Ndani hutiwa bitana ya kitenge, mishikio huimarishwa kwa mkanda wa kufungia mizigo, na matokeo yake ni mkoba wa sokoni unaoweza kubeba ndizi na mihogo kwa miaka kadhaa ukitunzwa kivulini. Ukiachwa juani hukauka na kupukutika, kwa kuwa mwanga wa jua huivunja polipropilini isiyotiwa kinga.

Katika yote haya kipo kipande kimoja cha ustadi ambacho kimevuka karne na bahari bila kubadilika. Mdomo wa gunia hufungwa kwa mshono wa mnyororo, na mshono huo una upande wa kufungukia. Anayeujua hukata kitanzi cha kwanza mahali panapofaa, akavuta, na uzi wote hutoka mzima kwa mkupuo mmoja; asiyeujua hukata na kukatakata, na mwisho hupata gunia lililochanika na nyuzi fupi zisizo na kazi. Wanawake wa mashamba ya Marekani walizikusanya nyuzi hizo na kuzifumia kwa kulabu. Wachukuzi na wauza nafaka wa Kisenyi na Kalerwe hufanya mvuto huohuo wa mkono kila siku. Kwa mtafiti wa maarifa ya kazi, huu ni ushahidi wa thamani kuliko gunia lenyewe, kwa kuwa gunia linaweza kununuliwa baadaye na kuwekwa kabatini.

Maisha ya gunia mtaani hufuata ngazi. Mfuko safi wa mchele au sukari huuzwa tena kwa mwenye nafaka. Ukichakaa hubeba makaa, mara nyingi ukiwa umeongezwa kimo kwa kipande cha gunia jingine, mtindo ambao Tanzania inaupiga vita kwa jina la lumbesa. Ukitoboka hujazwa udongo na kupandwa sukumawiki ubavuni, njia inayofaa nyua zisizo na nafasi. Mwisho hujazwa kifusi na kuwa kizuizi cha maji au ngazi ya kupitia katika sehemu za bondeni kama zile zinazouelekea Nsooba, ambako tepe zake huchanguka na kuingia mferejini. Mshonaji hulipata gunia katika ngazi ya kwanza au ya pili tu, na hushindana na mnunuzi wa magunia matupu. Gunia la chakula cha kuku lina upungufu wa ziada, yaani harufu na vumbi la dagaa, ambavyo huhitaji kulowekwa na kuanikwa kwa muda mrefu. Ndiyo sababu huwa rahisi kulipata, na ndiyo sababu picha ya jogoo au kuku huonekana mara kwa mara kwenye mikoba ya namna hii.

Nguo forodhani, taka mtaani

Washauri wa sera wanaweza kushangazwa na mgongano ufuatao. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaotumika katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, gunia la polipropilini lililofumwa kwa tepe zisizozidi upana wa milimita 5 halimo katika sura ya plastiki. Limo katika Sura ya 63, ya vitu vilivyotengenezwa kwa nguo, chini ya kichwa 6305, pamoja na gunia la juti na gunia la pamba. Vichwa vinne tu mbele, katika 6309, zimewekwa nguo kuukuu, zile mitumba ambazo wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana mwaka 2016 kuziondoa sokoni hatua kwa hatua, kabla ya shinikizo la Marekani kuzifanya nchi kadhaa zirudi nyuma. Forodhani, basi, gunia na shati la mtumba ni jamaa.

Likishavuka forodha hubadilika uraia. Mjadala wa plastiki nchini Uganda, uliopata nguvu ya kisheria kupitia Sheria ya Fedha ya 2009 na kisha Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, ulilenga kaveera, mfuko mwembamba wa polithini, na kipimo cha maikroni 30. Gunia la tepe ni nene na halikuwa shabaha ya sheria hizo, lakini katika lugha ya usafi wa mji limeunganishwa na plastiki nyingine zote, na anayelishona huhesabiwa, kama akihesabiwa kabisa, katika sekta ya taka. Hasara yake si ya jina tu. Programu za kuendeleza nguo na mavazi, pamoja na mafunzo na mikopo yake, humwona fundi wa kitenge na hazimwoni fundi wa gunia, ingawa mara nyingi ni mtu mmoja mwenye cherehani moja. Kwa upande mwingine, agizo lolote la baadaye la kupiga marufuku plastiki bila kutofautisha kufuma na kutofuma linaweza kumfungia kazi bila aliyeliandika kujua kwamba kazi hiyo ipo.

Zipo hoja za kupinga kuipamba kazi hii. Polipropilini haiozi, na mkoba wa gunia ni taka iliyoahirishwa. Jibu la haki ni kwamba kuahirisha kwa miaka mitatu au minne ndicho hasa kilichofanywa na gunia la pamba pia, na kwamba tofauti ya nyuzi ni suala la viwanda na forodha. Nchi inayouza nje sehemu kubwa ya pamba yake ikiwa marobota na kuweka chakula chake katika plastiki imefanya uamuzi wa kiuchumi ambao mshonaji wa Kyebando hakushirikishwa.

Kukusanya kama kazi ya historia

Jengo la Makumbusho ya Uganda lililofunguliwa mwaka 1954 katika kilima cha Kitante, barabara ya Kira, liko umbali mfupi kutoka Kyebando. Umbali huo unastahili kutumiwa. Gunia lina sifa ambazo nyaraka za biashara hukosa: uzito, kinu, nchi ya asili, lugha ya maandishi, na mara nyingi mwaka, vyote vikiwa juu ya kitu kilichopita mkononi mwa mlaji. Magunia ya miaka ishirini yangeonyesha bila maelezo mengi ni lini mchele wa Pakistani au Vietnam ulijaa Kampala, ni lini ule wa Tanzania uliongezeka, na ni viwanda gani vya chakula cha mifugo vilizaliwa na kufa. Hayo yakifuliwa ili yashonwe, wino hupungua. Yakifika Nsooba, hakuna kinachosomeka.

Utaratibu wa kukusanya hauna gharama kubwa. Gunia hufunguliwa kwa kuvuta uzi na si kwa kukata, ili mshono usomeke. Hupimwa urefu na upana likiwa tupu, na tepe huhesabiwa kwa kila sentimita 10 za tande na za mshindio. Chapa hupigwa picha kabla ya kufua. Kisha huandikwa lilikomwagwa, nani alilipokea baada ya hapo, na kwa bei gani. Pale ambapo gunia limeshonwa mkoba, kinachochukuliwa ni vitu vitatu pamoja: mkoba, mabaki ya kukatia, na gunia zima la aina hiyohiyo ambalo bado halijaguswa, pamoja na rekodi ya sauti ya mshonaji akieleza kwa Kiganda au Kiswahili majina ya kila hatua. Magunia huwekwa mbali na jua, yakiwa yametandazwa bila kukunjwa, kwa maana polipropilini ya zamani huvunjika kwanza palipokunjwa.